Upande mweupe wa mama

Wavukire, mujukuu wangu Masika. Huku Butembo tuko, mvua inanyesha tu. Mama yako anakohoa, mais bado anaenda soko. Toka Beni uliniuliza juu ya ile cube yangu ya kuzungusha, ya rangi sita: juu ya nini hatukuimalizaka kuipanga, na wewe unaipanga ya kwako kwa dakika kidogo?

Kaka yangu Kambale aliinunua kwetu Luofu, mbele vita ifike. Kisha tukakimbia. Mambo ya njiani niyaache. Nyumbani tulikuwaka batu sita. Butembo tulifika batatu, mama, Kambale na mie. Donc Kambale akapatia kila mutu rangi yake. Akasema, "Siku rangi zitarudia pahali pake, na batu batarudia."

Alianza na nyeupe, ya mama. Upande mumoja ukatimia. Mama akaichukua, akaiweka karibu na rozari yake. Kambale akamwambia, "Mama, juu nipange zingine, ni lazima kwanza niharibu hii." Mama akajibu, "Hapana. Tulisha haribiwa."

Banasema mwalimu wa Ulaya mwenye kuitengeneza aliizungusha kidogo tu, kisha akashindwa kuirudisha. Alitafuta majuma na majuma. Naona ni juu ya ile batu bangali banaipenda. Kila mutu anajua ile kazi ya kutafuta kurudisha.

Mama alikufa, Kambale pia. Bale bengine habakurudia. Nyeupe iko vilevile. Ukikuja Noeli, utaipanga, nakubali. Mais ngojea kwanza nitoke inje.

Ni mie koko wako.