Ruta Dirishani

Jumanne

Basi ni kesho. Saa nne asubuhi daktari wa Moshi atatupigia kwa video atupe majibu ya vipimo vya Mama. Wiki nzima nimehangaika na mtandao. Ruta, kile kisanduku cha intaneti, nimeitoa kabatini, nikakiondoa kitambaa cha kufuma ambacho Mama aliifunika nacho, nikaiweka kwenye dirisha linalotazama mnara wa simu. Leo nimejaribu video, picha imetulia, haikugandaganda.

Jioni nimeikuta imechomolewa.

"Naogopa radi, mwanangu," Mama amesema, bila kunitazama.

Hapa Vudee radi ikianza tunachomoa kila kitu, sawa. Lakini leo hapakuwa na wingu hata moja.

Nimeichomeka tena. Wiki nzima nimeogopa mtandao utakata. Sasa naogopa hautakata.