Namba ya Usipokee

Jumatatu, 3 Machi

Watu na simu zao, jamani! Leo mteja mmoja, mama mwenye kicheko kikubwa, amesimama pekupeku katikati ya karakana, Baba anampima kiuno, simu yake ikalia. "Niko njiani, mpenzi, nakata kona hivi!" Kona ipi? Wakati futi iko kiunoni! Baba alishindwa hata kutabasamu, pini zilimjaa mdomoni. Mimi nilijificha nyuma ya magauni nikacheka hadi machozi.

Mchana akaja mwalimu mmoja na suruali za kupunguza. Huyo akiongea na simu ni kama anaita mtu ng'ambo ya mto. Angefungua dirisha tu, akaokoa vocha.

Baba mwenyewe ni kioja kingine. Kisimu chake cha vitufe, kioo kina ufa, kinakaa mezani kando ya mkasi. Hapigi, hapigiwi. Ila kila asubuhi kinalia mara moja, kinakatika. Baba anaweka pasi chini, anabipu, anakata, anarudi kazini. Nikiuliza nani huyo: "Mtu." Basi!

Jumanne, 4 Machi

Nimemkomesha mtu leo! Baba alikuwa ametoka kununua uzi, simu yake ikalia. Kuchungulia kwenye kioo, jina la mpigaji — USIPOKEE. Damu ikanichemka. Nikajua ni matapeli hawa wanaowaambia wazee wameshinda gari. Nikaidaka kabla haijakatika. Nikammwagia yote: ukome, mzee wangu hana haja na wewe, usithubutu kupiga tena hapa!

Nilisikia pumzi tu, na mngurumo wa gari kubwa. Kisha akakata.

Nimejiona shujaa siku nzima. Baba sijamwambia, nitampa hadithi siku nyingine.

Jumatano, 5 Machi

Simu haikulia. Baba akaigeuza, akaiangalia, akabipu yeye. Akangoja. Akabipu tena. Mchana amekata mikono miwili ya shati, yote ya kushoto — Baba! Mtu anayekata kitambaa huku anasinzia na hakosei!

Nikamfuata Mama jikoni, nikamweleza ya jana nikitegemea sifa. Sahani ikabaki mkononi mwake, povu linachuruzika.

"Umepokea bipu? Nani anapokea bipu, wewe mtoto?"

Akaketi kwenye ndoo. Ni Kaka, akasema.

Kaka yangu! Sijasikia sauti yake miaka saba. Siku alipokataa cherehani akaenda kuendesha malori, nilikuwepo, bado nasoma. Baba alisimama mlangoni na mkasi mkononi: ukivuka hapa, usinipigie simu maisha yangu yote! Na Baba akishasema, amesema. Kaka naye ni Baba mtupu, kichwa kigumu hichohicho. Kwa hiyo hapigi. Anabipu. Mama anasema bipu si simu, neno halijavunjwa. Mmoja anabipu asubuhi kabla ya kuwasha lori: nipo. Mwingine anajibu: nami nipo. Kila siku ya Mungu! Hata siku ya mazishi ya Bibi. Hata Baba alipolazwa, simu ilikuwa chini ya mto.

Na lile USIPOKEE? Nikadhani ni onyo kwetu. La hasha. Mama anasema Baba alijiandikia mwenyewe, mkono wake usije ukamsaliti.

Nimekaa kitandani. Mimi ninayeshinda na simu sikioni, bando likiisha naona dunia imegoma — sijawahi kumwambia mtu yeyote kitu kikubwa kama kile. Na nimekikata mimi. Kwa mdomo wangu huu!

Alhamisi, 6 Machi

Nimempigia Kaka kwa simu yangu, namba nimeinakili kwenye ya Baba. Haipatikani. Jioni tena. Haipatikani.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemwambia Baba. Nilitegemea kufokewa, nilitamani kufokewa. Akauliza tu nilisikia nini. Pumzi, nikasema, na gari. Injini ilikuwa inanguruma au inakohoa? Inanguruma, Baba. Akatikisa kichwa, akasema basi lile lori aliloondoka nalo likikohoa ameshalitengeneza.

Kumbe hata hayo alikuwa akiyawaza! Nikalia palepale juu ya kitambaa cha mteja. Baba akanipa kipande cha bitana nijifute, akarudi kwenye cherehani. Lakini uzi ulimkatalia kuingia tundu la sindano, nikamtungia mimi.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nimekaa kwenye ngazi, mlango nyuma yangu.

Asubuhi Baba alikuwa anapinda gauni la yule mama wa kona. Simu ikalia. Kwenye kioo: USIPOKEE! Nikapiga kelele. Baba akanyoosha mkono ili ajibu bipu kama siku zote, akangoja ikatike.

Haikukatika.

Ikalia. Ikalia. Ikatetemeka juu ya meza mpaka ikagonga mkasi. Mama akatokea mlangoni, mikono na unga. Mtu anapiga! Kaka anapiga, kweli kweli, baada ya matusi yangu yote, baada ya neno la mlangoni!

Baba akaanza kutoa pini mdomoni. Moja moja, anazichomeka kwenye kifuko cha pini, na ile simu inalia tu. Nikataka kusema haraka, Baba, itakatika! Mama akanishika bega. Pini ya mwisho ilipotoka akatuonyesha mlango kwa kidevu. Tukatoka.

Nachungulia kwenye pazia. Simu iko sikioni, kichwa amekiinamisha. Mguu uko kwenye pedali, hautembei. Hajasema kitu. Hata "halo" hajasema, na kule naona hakuna anayesema. Mama ananiuliza kwa macho: vipi?

Hajakata, Mama.

Hakuna aliyekata.