Nyumba ya Mwaloni ya Bi. Margaret

Doornfontein, Johannesburg
Julai 2017

Shikamoo baba. Natumaini goti limepoa, na kifua cha mama hakimsumbui tena. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inauma vidole hata patasi haishikiki.

Tumepata kazi kwenye nyumba ambayo ungependa kuiona. Wakulima waliijenga Uingereza miaka mia kadhaa iliyopita, kwa mbao za mwaloni, mti mgumu wa huko. Babu yake Bi. Margaret, mwenye nyumba, aliikuta inataka kubomolewa, akaifungua mbao moja moja, akaileta kwa meli na kuisimamisha hapa. Nguzo hazina msumari hata mmoja: ni ndimi zilizoingia kwenye matundu na kukazwa kwa vigingi vya mti. Mbao za paa ni nyeusi kwa masizi, maana zamani haikuwa na dohani. Moto uliwashwa katikati ya sakafu, moshi ukajitafutia njia.

Ukuta mmoja umeinama. Bosi alitaka tuuvunje, tujenge wa matofali. Nilipobandua plasta nikakuta fito na udongo uliochanganywa na majani makavu, kama nyumba ya bibi. Nilicheka peke yangu, baba. Halafu nikaona alama za patasi kwenye maungio, mistari kama ile uliyonifundisha, ili kila mbao irudi mahali pake. Mbao mbili za mshazari zilikuwa zimebadilishana, ndiyo maana ukuta uliinama.

Nikamwambia bosi. Akasema, "Umeajiriwa kuvunja. Kesho usipovunja, usije."

Nilimgongea Bi. Margaret mlango, nikampeleka kwenye ukuta. Alipapasa ile mistari kwa kidole. "Nimezaliwa humu," akasema, "na sijawahi kuiona." Akakataza ukuta usivunjwe.

Bosi hakunisemesha siku mbili. Tulitegemeza paa, tukazibadilisha zile mbao. Ya pili ilipoingia kwenye tundu lake, bosi alichukua nyundo akagonga kigingi mwenyewe. "Sharp, Rajabu," akasema, yaani safi kwa lugha ya huku. Sasa nakandika udongo, na Papa Dieudonné, Mkongo ninayefanya naye kazi, ananicheka kutwa kwamba nimekuja mbali kote huku kukandika udongo.

Dada Zuhura ameniambia mnataka kubomoa nyumba ya bibi. Sikatazi, najua inavuja na mama amechoka. Naomba tu, kabla mafundi hawajaja, ukwangue udongo kwenye kona utazame nguzo. Kama ni nzima, nisubirini nije niitengeneze. Desemba nimepewa likizo.

Nisalimie mama, dada na shemeji, na mjomba fundi cherehani.

Mwanao akupendaye,
Rajabu