Nyumba Yako, Baba Obadia

Baba Obadia,

Ugali na mlenda viko kwenye hotpoti. Maji yakitoka, kinga ndoo zote.

Asubuhi uliponiomba ruhusa ya kuoga nilikucheka: "We mgeni, hii si nyumba yako?" Ukajibu, "Niliijenga kwa simu nikiwa Uturuki. Hata swichi ya taa siijui ilipo." Nikaondoka bila kuaga, usije ukaona machozi. Miaka yote nilimwombea mume wangu arudi, kumbe aliyerudi anabisha hodi chumbani kwake mwenyewe.

Mtoto akitoka shule, mpokee. Akisema "Shikamoo, anko," itikia tu, usimkemee.

Nguo zako nimezipanga kabatini. ~~Sanduku nimelificha kwa jirani.~~ Sanduku liko uvunguni. Nakuomba usilitoe.

Mkeo