Mume Wangu Amepungua, Mama Mkwe Adhani Namnyima Chakula

Mshauri wetu mpendwa, naomba msaada wako, lakini usidhani nalia, mimi ni bibi harusi wa miezi saba hapa Homa Bay mjini na mume wangu Byron ndiye asali ya roho yangu. Tulipofunga ndoa alikuwa mnene hadi vifungo vya koti vinalalamika, kisha wahudumu wa afya wakaja kupima watu sokoni, presha yake ikapatikana juu sana, nikakumbuka baba yake alianguka kwa presha akafa bila kusema neno, nikaapa huyu hanitoki. Basi tukaanza: dawa kila siku, chumvi kidogo, soda hapana, na asubuhi tunatembea tumeshikana mikono hadi wauza dagaa wa omena wanatupigia kelele, "Nyinyi, harusi yenu haiishi?" Juzi kliniki wakatuambia presha imeshuka vizuri, nikapiga vigelegele watu wakadhani kuna aliyejifungua!

Shida ni mama yake, anayeishi Magunga. Alipomwona mwezi jana aliniita kando: "Nyathina," yaani mwanangu, "nilikupa mwanangu amejaa shati. Sasa naona shati tupu. Unampikia nini, maji?" Jumapili anakuja kukaa mwezi mzima apike mwenyewe, na samli ameshaitayarisha. Byron amenikataza kumwambia habari ya presha, ati mama atakufa kwa woga. Nikisema namsaliti mpenzi wangu, nikinyamaza samli itatupokonya ushindi wetu. Nifanyeje?

Phanice, Homa Bay

Phanice, hongera! Mmefanya kazi ambayo wengi huiacha wiki ya pili. Lakini acha nikugombeze kidogo: siri hii haimlindi mama, inamfanya aamini wewe ni mchoyo, huku Byron akikwepa maswali. Mwambie mumeo leo, si kesho, ampigie mama yake simu kabla ya Jumapili, amweleze alivyougua na alivyopata nafuu, amsomee namba za kwenye kadi ya kliniki. Usimsemee. Mama aliyezika mume kwa presha akisikia mwanawe anaishinda, vigelegele vyake vitazidi vyako. Akifika, mwachie jiko, ila chumvi uitie wewe, na dawa za Byron zisikose hata siku moja. Jumatatu mpelekeni mama kliniki, kwa sababu katika barua yako yote hujaniambia jambo moja: presha yake yeye ni ngapi?