Chupa ya Laban

Jumatatu, 3 Juni 1996
Nimerudi kazini baada ya mazishi ya kaka yangu Laban. Kufungua kabati la joto la maabara — chupa yake ipo! Machi nilipokuwa najifunza kuotesha seli, alinipa kipande cha ngozi ya mkono. Akacheka: kata tu, nina nyingi. Sasa yuko udongoni Webuye, ngozi yake inaongezeka hapa. Kwenye hadubini seli zimebanana, hakuna pa kukanyaga. Nikazibadilishia chakula, yale maji mekundu ya chumvi, sukari na majimaji ya damu ya ndama.

Alhamisi, 6 Juni
Nimezilisha tena seli. Bosi, Daktari Kiarie, anasema zitaendelea wiki nyingi. Anafurahi! Mimi naogopa kufungua lile kabati.

Jumamosi, 8 Juni
Mama kaingia kwangu Mbotela bila habari. Chai hakugusa. Anasema Laban anamjia ndotoni, anasimama mlangoni, haingii. Eti ana njaa.
— Nekesa, tulizika mtoto wangu mzima?
Kwetu mtu hazikwi nusu. Hatulii, na nyumba haitulii. Nikamwambia yote. Halafu: nenda umlete.
Nikaenda maabara. Chakula kimegeuka njano — seli zimekimaliza! Tangu juzi tu! Woi, Laban, kumbe kweli una njaa. Nimekaza kifuniko, nikatia chupa ndani ya sweta, nikatoka. Kiarie akinifuta kazi, afute.

Jumapili, 9 Juni
Kanisani hatujaenda. Kesho ni basi la Webuye, tukaizike chupa kando ya kaburi lake. Ndivyo tulivyopatana. Lakini tangu jana mama hajaiachilia. Amelala nayo kifuani. Asubuhi nimemkuta anaiimbia, ule wimbo wa kubembeleza watoto. Nywele zilinisimama!
Sasa hivi amegeuza maneno. Hatuendi. Mtu hazikwi akiwa na joto.
— Shika uone.
Nimeshika. Kweli, ina joto. Joto la kifua chake mwenyewe, mama yangu maskini. Seli zenyewe, bila chakula na nje ya kabati, sijui. Bila hadubini siwezi kujua.
Anasema mimi ndiye niliyesomea mambo haya, niseme basi: mzima au amekufa? Nimechukua kalamu nisimtazame. Ameuliza tena, polepole, chupa kifuani, asimwamshe.