Baiskeli waliyoipasua kiti

Yaya Zaina, mukubwa wangu, sasa hivi Mwamini ametoa sifongo mu kiti cha kinga, ile baiskeli ya baba yake, akaiweka kinywani. Nimemunyanganya, analia. Kile kiti wamekipasua wanaume wa hapa Salamabila jana, kwa kisu, wakitafuta dawa ya uchawi.

Unamujua bwana yangu na mwili wake. Tajiri mumoja alisema mubebaji atakayefika wa kwanza juu ya mulima, na bidoni mbili za mafuta ya mawese nyuma, ndiye atapewa mizigo yote ya duka lake. Baba Mwamini akawaacha nyuma vijana wembamba wote. Basi wale wanaume wakasema, «Tumbo namna ile haipandi mulima bure.» Yaya, nilikasirika sana. Miaka yote anabeba mawese toka Kasongo, hawakuiona?

Na yule wa kisu amenifuata leo kisimani, anauliza chini chini, «Mama Mwamini, ile dawa munanunua wapi?» Nikamuambia ni bugali na sombe, aende amuombe bibi yake amupikie.

Juu ya yale maneno ya dawa, tajiri amewapandisha tena leo, baba Mwamini kwa kinga ya mutu mwingine, kifua wazi kama mwizi ili asifiche kitu. Mimi nimekataa kwenda kuangalia. Ukule vizuri, yaya, ubusu watoto, na utuombee, maana tukipata kazi hii Mwamini atasoma kunipita mimi. Mama mwenye nyumba ananiita mulangoni, anasema mutu wa kwanza ametokea kule juu, ni munene, na nyuma yake hakuna mutu.